Kijana anapoumwa kichwa na macho bila sababu kujulikana: mwongozo kwa ndugu wanaomuuguza, Dodoma na mikoa ya kati

Kijana wa miaka 20 na kitu anaanza kulalamika kichwa. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa mkojo, anaambiwa ana UTI, anapewa dawa za siku tano. Baada ya wiki chache anasema macho yanaona ukungu, anaelekezwa duka la miwani. Miwani inavaliwa, kichwa kiko palepale, na nyumbani maneno yanaanza: anakwepa kazi, anakesha kwenye simu, karogwa.

Ubaya wa njia hii ni kwamba kichwa kimetafutiwa dawa peke yake na macho peke yake. Kijana mwenye kichwa kisichoeleweka pamoja na shida ya kuona anatakiwa aangaliwe nyuma ya jicho, pale mshipa wa fahamu wa jicho, unaotoka kwenye ubongo, unapoingia, mboni ikiwa imepanuliwa kwa matone. Ukiondoa muda wa kusubiri matone yafanye kazi, uchunguzi wenyewe ni wa dakika chache na hauumi. Bado ndio unaorukwa mara nyingi. Kazi yako kubwa kama ndugu ni kuhakikisha haurukwi.

Yasiyosubiri

Zipo hali ambazo hazina muda wa daftari wala majaribio ya nyumbani. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana, ukiona lolote kati ya haya:

- Kichwa kilichoanza ghafla na kufikia ukali wake wote ndani ya dakika moja, kuliko kichwa chochote alichowahi kuumwa.
- Homa na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, degedege, au usingizi mzito usio wa kawaida yake.
- Jicho moja au yote mawili kupoteza nuru ndani ya saa au siku chache.
- Kuona vitu viwiliviwili kulikoanza karibuni, kope moja kulegea, au mboni moja kuwa kubwa kuliko ya pili.
- Jicho jekundu linalouma sana na lisilovumilia mwanga.
- Mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, mdomo kupinda, maneno kutotoka sawasawa.
- Kichwa kinachozidi baada ya kuanguka na bodaboda au kupigwa, hata kama siku kadhaa zimepita.
- Kichwa, kutapika na ukungu machoni baada ya kunywa gongo au pombe isiyojulikana ilikotoka. Ikiwa ilikuwa na methanoli, mtu anaweza kulala salama na kuamka kesho yake akiwa haoni vizuri. Kila saa inayopita inakula macho yake.

Kama ni binti, swali la mimba huja kabla ya mengine yote. Mimba iliyovuka wiki 20, au mama aliyejifungua ndani ya wiki sita zilizopita, akiumwa kichwa na kuona vimulimuli au ukungu, anaweza kuwa anaelekea kwenye kifafa cha mimba. Presha ya 140/90 au zaidi pamoja na dalili hizo ni dharura. Usafiri wa dharura wa wajawazito na wazazi unapatikana kwa kupiga 115 bila malipo.

Kwa anayeishi na VVU, hasa aliyekatisha dawa au aliyegundulika akiwa kinga imeshuka sana, kichwa kinachozidi siku hadi siku kwa wiki moja au mbili kinaweza kuwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi aina ya kriptokokasi. Inaweza kuja bila homa na bila shingo kukakamaa, ndiyo maana hupita bila kutambuliwa. Kuna kipimo cha haraka cha damu kinachoitwa CrAg. Kiulizie kwa jina hilo. Kifua kikuu cha ubongo nacho huanza polepole hivihivi.

Daftari la wiki mbili

Kama hakuna dalili ya hatari, anza kuandika leo. Daktari wa kliniki yenye foleni ana dakika chache za kukusikiliza, na "kichwa kinamsumbua muda mrefu" haimwambii kitu. Daftari dogo la kurasa 40 linatosha. Kijana mwenyewe aandike. Wewe umkumbushe, au uandike yeye akitaja ikiwa kusoma kunamchosha. Mstari mmoja mzuri unafanana na huu:

"Jumanne. Kimeanza saa 11 alfajiri, kimemwamsha. Kichwa chote, ukali 7 kati ya 10. Kimezidi alipokohoa na alipoinama kufunga viatu. Aliposimama macho yote yamezima kama sekunde 5, yakarudi. Masikioni anasikia mapigo yanayokwenda na moyo. Paracetamol vidonge 2 saa 1 asubuhi. Saa 4 kimeshuka hadi 4. Hajatapika."

Kila kipande hapo kina maana. Kichwa kinachoamsha mtu alfajiri, kinachozidi akilala chali, akikohoa au akijikamua chooni, kinaelekeza kwenye shinikizo kubwa ndani ya fuvu. Macho kuzima kwa sekunde chache mtu anapoinama au kusimama ni dalili ya mshipa wa jicho uliovimba, na vijana wengi hawaitaji mpaka waulizwe, maana nuru inarudi yenyewe. Sauti ya mapigo masikioni, hasa kukiwa kimya usiku, ni ya kundi hilohilo.

Kipandauso ni tofauti. Mara nyingi hugonga upande mmoja, hudumu kati ya saa 4 na siku 3 kisipotibiwa, huja na kichefuchefu, na mgonjwa hutafuta giza na ukimya. Wengine kabla ya kichwa huona mistari inayometameta au doa linalotanuka taratibu kwa dakika 5 hadi 60. Kati ya shambulio na shambulio mtu huwa mzima kabisa. Andika pia siku za hedhi, usingizi, mlo aliouruka na maji aliyokunywa.

Kuna swali moja la ziada kwa miezi ya Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapokaza: je, kuna jiko la mkaa linalowashwa chumbani milango ikiwa imefungwa? Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu. Kichwa kinachopungua akitoka nje, na kinachowapata wengine waliolala chumba kimoja, dawa yake ya kwanza ni kulitoa jiko nje siku hiyohiyo. Akiwa na kizunguzungu, kutapika au usingizi mzito, mtoe kwenye hewa safi na umpeleke hospitali.

Wiki mbili zinatosha. Ikiwa kichwa kinazidi, usizimalize.

Majaribio manne ya nyumbani

Haya hayachukui nafasi ya daktari. Yanakusaidia kujua uharaka, na kuona mabadiliko kabla ya kliniki inayofuata. Fanya kila jicho peke yake, lingine likifunikwa kwa kiganja bila kulibonyeza. Watu wengi hugundua siku hiyo kwamba jicho moja limekuwa likifanya kazi ya mawili.

La kwanza ni kalenda. Tundika kalenda ya ukutani yenye tarakimu kubwa mahali penye mwanga wa mchana, piga mstari wa chaki sakafuni mita 3 kutoka hapo, na uandike tarakimu ndogo kabisa ambazo kila jicho linasoma. Rudia kila Jumapili, saa ileile, mstari uleule. Kama ana miwani ya mbali, aivae.

La pili ni kitobo. Toboa kadi ngumu, mathalani ya boksi la biskuti, kwa ncha ya msumari mdogo. Kitobo kiwe cha milimita moja hivi. Achungulie kalenda kupitia hapo. Tarakimu zikisomeka vizuri zaidi, uwezekano mkubwa ni kwamba tatizo linarekebishika kwa miwani. Zisipobadilika au zikizidi kufifia, tatizo huenda liko ndani zaidi, na duka la miwani si mahali pa kuanzia.

La tatu ni kifuniko chekundu cha soda. Akitazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Ikiwa jicho moja linaona wekundu uliopauka, mshipa wa fahamu wa jicho hilo unatiliwa shaka. Ongeza swali: jicho linauma akiligeuza huku na huku? Maumivu ya kugeuza jicho pamoja na nuru inayoshuka ndani ya siku chache ni picha ya kuvimba kwa mshipa wa jicho, ugonjwa unaopenda vijana, na unahitaji daktari wa macho siku hiyohiyo.

La nne ni pembe za kuona. Kaeni mkitazamana, umbali wa mita moja. Yeye afunike jicho la kushoto, wewe la kulia, kila mmoja akaze macho kwenye jicho la mwenzake lililo wazi. Leta kidole chako kinachochezacheza kutoka nje kuja ndani, juu, chini, kushoto na kulia, kikiwa katikati yenu. Yeye akione pale unapokiona wewe. Akichelewa upande fulani, andika upande gani na jicho gani.

Jaribio hili la mwisho lisidharauliwe. Mshipa unapovimba kwa shinikizo la ubongo, nuru huanza kuliwa pembeni huku ya katikati ikibaki nzuri. Kijana anasoma herufi zote ukutani, anaambiwa macho yako mazima, na bado anapoteza macho. Vilevile akifaulu majaribio yote manne, haina maana kwamba nyuma ya jicho ni pazuri.

Mfuko wa dawa

Kabla ya kwenda hospitali, kusanya kila alichomeza, alichopaka na alichodondoshea machoni kwa miezi sita: pakiti, chupa, karatasi za duka la dawa, krimu, vya kienyeji pia. Weka vyote kwenye mfuko mmoja uende nao. Unatafuta mambo haya:

Dawa za maumivu zenyewe. Anayemeza paracetamol, ibuprofeni au aspirini siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya mchanganyiko (vile vyenye kafeini, kodeini au dawa mbilimbili) siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuwa anaumwa kichwa kinacholetwa na dawa hizohizo. Hesabu siku, siyo vidonge. Kuziacha kunafanya kichwa kizidi kwa siku kadhaa kabla hakijapungua, kwa hiyo ziachwe kwa mpango wa daktari, hasa zile zenye kodeini.

Doksisaiklini na tetrasaiklini, zinazotolewa kwa chunusi na maambukizi mengi. Dawa hizi, pamoja na vidonge vya vitamini A kwa wingi na dawa za chunusi za jamii hiyo, zinajulikana kupandisha shinikizo la maji ya ubongo kwa baadhi ya watu.

Steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe na mzio) zilizofichika. Hapa mabinti wengi hunyamaza, kwa hiyo uliza faraghani na bila karipio. Krimu nyingi za kujichubua zina betamethazoni au klobetasoli, na vidonge vinavyouzwa vya kunenepesha mara nyingi huwa na deksamethazoni. Steroidi zinaweza kupandisha presha ya jicho, huongeza uzito, na kuziacha ghafla baada ya muda mrefu kunaweza kupandisha shinikizo la ubongo na kumwangusha mtu. Basi usizitupe jalalani kwa hasira. Zipeleke kwa daktari.

Matone ya macho ya dukani. Upepo wa kiangazi na vumbi la huku hufanya macho yawashe, na ni rahisi kununua chupa ndogo inayoondoa wekundu haraka. Baadhi ya hizo zina deksamethazoni. Zikitumika miezi bila kupimwa, huleta presha ya macho na mtoto wa jicho kwa kijana ambaye alikuwa na mzio tu. Soma lebo, jina likiishia na "-sone" au "-solone", yasimame mpaka daktari aseme. Isipokuwa kama aliandikiwa na daktari wa macho: hapo mrudishe kwake kwanza, asiyakatishe mwenyewe.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, sindano, vijiti: vitajwe vyote. Vile vya estrojeni huongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda kwenye vena za ubongo, na mwenye kipandauso kinachoanza na mametameta hatakiwi kuvitumia. Mhudumu atambadilishia njia nyingine, asibaki bila kinga.

Hospitalini: wapi, na kusema nini

Zahanati au kituo cha afya kinaweza kufanya mambo ya kwanza: presha, joto, uzito, sukari, damu, VVU, mimba, na kipimo cha haraka cha malaria. Mkoa wa Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini, kwa hiyo kipimo kikisema hana, usikubali dawa ya malaria "ya kujaribu" iwe jibu la kichwa cha mwezi mzima. Presha ipimwe hata kwa kijana. Ikiwa juu sana inaweza kuharibu macho na kuumiza kichwa, na vijana wenye ugonjwa wa figo hugundulika hivi.

Kinachofuata ni rufaa ya daktari wa macho. Kwa Dodoma mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile watu wanayoiita General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, yenye CT scan na MRI. Kwa walio Chamwino na jirani zake, hospitali ya misheni ya Mvumi ina huduma ya macho ya siku nyingi. Mwenye bima aanzie ngazi ya chini na kupewa fomu ya rufaa, asije kurudishwa mlangoni. CHF, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, hasa hufuata ngazi. Mwenye NHIF kupitia mzazi ahakiki kwanza kama jina lake bado liko hai, maana watoto hutolewa kwenye kadi wakivuka umri uliowekwa, na wengi hugundua siku wanapoumwa.

Ukifika mbele ya daktari, sema maneno machache: "Daktari, ana kichwa kwa wiki nane, kinamwamsha alfajiri, na macho yanazima sekunde chache akiinama. Tunaomba aangaliwe mshipa wa jicho kwa ndani, mboni ikipanuliwa." Halafu toa daftari na mfuko. Ombi kama hilo si utovu wa adabu. Daktari mzuri hulipokea, na aliyechoka humkumbusha.

Jiandaeni kwa matone ya kupanua mboni. Ataona ukungu wa karibu na mwanga utamchoma kwa saa 4 hadi 6, pengine zaidi, na jua la mchana la Dodoma halina huruma. Mbebee kofia yenye ukingo au miwani ya jua, asiendeshe pikipiki, na asipange mtihani mchana huo. Anayefika na bodaboda peke yake ndiye anayekataa matone, na uchunguzi unaishia nusu.

Kabla ya kutoka, uliza maswali haya na uandike majibu: mshipa wa jicho umevimba au haukuvimba, macho yote mawili au moja, presha ya jicho ni ngapi kwa kila upande, na pembe za kuona zimepimwaje. Karatasi ya majibu ipige picha kwa simu. Faili hupotea.

Kuhusu miwani. Kasoro ya kuona mbali au karibu huleta uchovu wa macho na kichwa cha jioni, cha paji la uso, baada ya kusoma au simu, na hupumzika siku za mapumziko. Miwani sahihi hukiondoa kichwa cha aina hii katika wiki chache. Haiwezi kuondoa kichwa cha alfajiri, kutapika, wala macho kuzima. Mwenye miwani mpya ambaye bado ana dalili hizo arudi kwa daktari wa macho, asiende kubadilisha fremu. Miwani ya kuokota mtaani isiyopimwa iachwe kabisa.

Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, haijasahaulika katika wilaya kama Kongwa. Kope zinazokwaruza kioo cha jicho humfanya kijana akunje uso juani kutwa, na kichwa huuma. Kuinua kope na kuangalia kwa tochi kunatosha kuiona.

Ikiwa mshipa umevimba

Hapo mambo huwa ya haraka. Mara nyingi hulazwa au hupewa picha siku hiyohiyo. Picha ya kichwa, CT au MRI, hutangulia ili kuona kama kuna uvimbe, damu, maji yaliyojaa kwenye vyumba vya ubongo, au vifuko vya mabuu ya mnyoo tegu wa nguruwe vilivyojijenga huko. Hili la mwisho lipo kwetu kwa sababu nguruwe wa kuzurura na vyoo vibovu bado vipo. Kama hospitali inaweza, vena za ubongo nazo zipigwe picha, hasa kwa aliyejifungua karibuni. Uliza hilo.

Familia nyingi hupumua picha ikitoka safi: "ubongo hauna kitu". Lakini picha safi pamoja na mshipa uliovimba ina jina lake. Ni shinikizo la juu la maji ya ubongo lisilo na chanzo kinachoonekana, ugonjwa unaowapata zaidi wanawake vijana, hasa walioongezeka uzito miezi ya karibuni. Haliui kama uvimbe, ila linapofusha. Ndiyo maana hatua inayofuata, kuchukua maji ya mgongo, haifai kukataliwa.

Na ndiyo inayokataliwa zaidi. Inasemwa mitaani kwamba sindano ya mgongo hupoozesha au huua. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia juu, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali penye nyuzi za fahamu zinazoelea majini na kuikwepa sindano. Watu waliokufa baada yake, wengi walichelewa kuletwa na ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshafika mbali. Kijana wako atalala kwa ubavu, magoti yakiwa kifuani, na shinikizo litasomwa kwa kijibomba. Zaidi ya sentimita 25 za maji kwa mtu mzima ni la juu. Waombe wapime na waandike namba hiyo, siyo kupeleka maji maabara tu. Baadaye anaweza kupata kichwa kinachouma akikaa na kutulia akilala. Alale, anywe maji ya kutosha na chai au kahawa, na kikizidi siku chache au homa ikianza, arudi.

Dawa ya kawaida ni asetazolamidi, mara nyingi ikianzia miligramu 250 hadi 500 mara mbili kwa siku na kuongezwa. Mwambieni mapema kwamba vidole na midomo vitamwasha kama sindanosindano, atakojoa sana, na soda itakuwa na ladha mbaya. Asiyeambiwa huiacha siku ya tatu akidhani imemdhuru. Aliyewahi kuvimba kwa dawa za salfa aseme kabla, na vilevile mwenye mimba au ugonjwa wa figo. Kama nuru inashuka haraka, daktari atazungumzia upasuaji wa kupitisha maji, na hapo safari ya Dar es Salaam, Muhimbili, inaweza kuhitajika. Msiiahirishe mpaka baada ya mavuno.

Kwa aliyeongezeka uzito, kupungua asilimia 5 hadi 15 ya uzito wake hushusha shinikizo lenyewe. Kwa mwenye kilo 80 hiyo ni kilo 4 hadi 12, kwa miezi. Hili haliwezi kufanywa na mtu mmoja kwenye nyumba inayokula ugali mlima na kunywa soda kila mlo. Nusu ya sahani iwe mboga, mlenda au mchicha kwa mafuta kidogo. Ugali upungue uwe wa ngumi moja. Soda, maandazi na chipsi viondoke mezani kwa wote. Nyama choma haikatazwi, ila iwe kipande kisicho na mafuta na iambatane na kachumbari badala ya ndizi za kukaanga. Kumwita "bonge" humfanya ale kwa kujificha.

Siku za kawaida nyumbani

Tumieni paracetamol miligramu 1,000 kwa mara moja, isizidi gramu 4 kwa siku, au ibuprofeni 400 baada ya kula ikiwa hana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala mimba. Kwa kipandauso dawa imezwe mwanzoni, kichwa kisipate nguvu kwanza. Kikomo ni siku mbili kwa wiki. Zikihitajika zaidi, daktari ampe dawa ya kuzuia, siyo ya kutuliza. Mtunzeni na usingizi wa saa zilezile, kifungua kinywa, na maji: joto la Oktoba na Novemba huwapiga wengi kichwa kwa kiu tu. Kwa macho yanayochoka na simu, kila dakika 20 aangalie mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20.

Machoni kisiingie kitu kisichotoka hospitali: maziwa ya mama, maji ya chumvi, asali, majani yaliyopondwa, mkojo. Vidonda vya kioo cha jicho vinavyoanzia hapo huacha kovu jeupe la maisha. Bibi au babu anayeshauri hivyo anatoa kwa upendo, basi ajibiwe kwa heshima: "Shikamoo bibi, daktari amekataza kitu chochote jichoni kwa sasa, tunaomba dua zako." Maombi na dua viendelee. Kinachokatazwa ni kuambiwa aache dawa ili kuonyesha imani, au kupelekwa kwenye kambi ya maombi wiki tatu wakati mshipa wa jicho umevimba.

Kijana wa miaka 18 na zaidi ndiye anayeamua na ndiye anayepewa majibu. Muulize nje ya mlango, "Niingie na wewe au nikusubiri?" Hata akisema uingie, toka dakika tano mhudumu amuulize faragha kuhusu mimba, VVU, pombe na dawa alizojificha kutumia. Majibu ya kweli hutoka hapo. Majibu yake usiyapeleke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Michango inaweza kuombwa kwa kusema "matibabu ya macho" bila zaidi.

Na vipimo vyote vikiwa safi? Kichwa chake bado kinauma. Kipandauso hakionekani kwenye picha yoyote, hutambuliwa kwa maelezo, na lile daftari ndilo kipimo chake. Sonona na wasiwasi navyo huongeza maumivu na vina tiba. Kupelekwa kliniki ya afya ya akili si kuambiwa anajifanya.

Chuoni au kazini, omba barua ya daktari inayotaja mahitaji: kukaa mbele, karatasi za maandishi makubwa, muda wa ziada, kutofanya zamu ya usiku, kutopanda ngazi wala kuendesha gari kwa anayeona mbilimbili. Barua inayosema tu "anaumwa" haimsaidii msimamizi kufanya lolote.

Kliniki za kurudi ziwekwe kwenye kalenda ileile ya ukutani. Mwenye mshipa uliovimba hupimwa pembe za kuona kila baada ya wiki chache mwanzoni, kisha kila miezi kadhaa, hata kichwa kikipona. Kichwa na macho haviponi kwa pamoja: wapo ambao maumivu huisha huku nuru ikiendelea kushuka, nao ndio wanaoacha kurudi. Jaribio la kidole na la kalenda liendelee kila Jumapili kwa mwaka mzima. Ikitokea tarakimu iliyosomeka wiki jana haisomeki leo, msisubiri tarehe ya kliniki.